Je, Wajua? Bin Fulani wa Mafia

Je, wajua kwamba sarafu za masultani wa Kilwa zimeokotwa Kisimani, magharibi mwa kisiwa cha Mafia? Baadhi ya sarafu za masultani hao zina jina la Ali bin al-Hasan, na upande wa pili maneno ya kumtegemea Mola, yaliyopangwa yaishie kwa kina kimoja na jina Hasan. Baba mtu ndiye mwenye kina! Sijui heshima kubwa kuliko hiyo.

Na msafiri Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331, alimkuta sultani al-Hasan bin Sulaiman akiitwa Abu al-Mawahib, yaani baba wa vipawa, kwa ukarimu wake.

Je, wajua kwamba Waskoti nao wana "bin" yao? Ni Mac. MacDonald ni mwana wa Donald, na kwa Kigaeli mwanamke huitwa Nic badala ya Mac, kama sisi tunavyosema binti: Siti binti Saad. Mji wa Mackinnon Road, Kenya, una jina la Mskoti William Mackinnon, mwana wa Fingon kwa maana ya jina lake. Lakini baba yake mzazi hakuwa Fingon. Mac iliganda karne nyingi zilizopita, ikawa jina la ukoo mzima.

Mafia jina halikuganda. Juma, mwana wa Ali, mwana wa Bakari, ni Juma Ali Bakari. Mwanawe Hamisi ataitwa Hamisi Juma Ali, na Bakari atakuwa ametoka kwenye karatasi. Kila kizazi kinapoingia, jina moja la nyuma linatoka.

Binti akiolewa? Wengi hubaki na jina la baba. Sura ya al-Ahzab, aya ya 5, inaagiza hata watoto wa kulea waitwe kwa baba zao.

Ajabu ni hii: kaskazini mwa Mafia, ambako mwanaanthropolojia Pat Caplan alianza utafiti wake mwaka 1965, haki ya kulima ardhi ya ukoo hupitia kwa baba na kwa mama pia. Jina linataja upande mmoja, shamba linajua pande zote mbili.

Basi msomaji, kama babu au bibi yako yu hai, mwombe akutajie wazee wa nyuma, wa kuumeni na wa kukeni, uwaandike. Karatasi za serikali zinaishia kwa babu.