Chuma Kilichozoeleka Hakijengi Msuli

Kila Jumamosi alfajiri, kabla ukungu wa Nyandarua haujaondoka juu ya mashamba ya Mweiga, mimi huenda kunyanyua vyuma katika ukumbi mmoja mdogo wa mabati. Vyuma vyenyewe aghalabu si vyuma. Ni mikebe ya rangi iliyojazwa saruji, miwili miwili, ikaunganishwa kwa bomba la maji. Kwa muda wa miaka mitatu nimenyanyua jozi ile ile, mara kumi kwa mizunguko mitatu, kisha nikaketi na wenzangu tukazungumzia siasa na bei ya maziwa.

Majuzi mwanafunzi mmoja wa shule ya upili aliniuliza kwa adabu, "Mwalimu, mzigo wako utaongezeka lini?" Nilicheka pamoja na wenzangu. Hata hivyo, swali lile nilirudi nalo nyumbani.

Mwili wa binadamu ni bahili. Haujengi nguvu usiyoidai. Majuma ya mwanzo ya mazoezi huleta maendeleo ya haraka, hasa kwa sababu mishipa ya fahamu inajifunza kuiamrisha misuli. Ukuaji wa misuli yenyewe huja baadaye, tena polepole. Mzigo ukishazoeleka, mwili hauna sababu ya kujiongeza. Jambo hili si geni. Katika miaka ya 1940 daktari wa jeshi la Marekani, Thomas DeLorme, aliwatibu askari majeruhi kwa kuwanyanyulisha uzani ulioongezwa kadiri nguvu zao zilivyoongezeka. Kanuni hiyo ingali msingi wa mazoezi ya uzani hadi leo.

Ikiwa kanuni inajulikana, mbona wengi wetu tunakwama? Sababu ya kwanza ni ya vifaa: kutoka mkebe mdogo hadi mkubwa ni hatua ndefu mno, na katikati hamna kitu. Ya pili ni usingizi haba na chakula kisichotosha. Lakini ya tatu, nionavyo, ndiyo nzito kuliko zote, nayo ni aibu. Mtu aliyezoeleka ukumbini ana heshima yake. Akijaribu mzigo mpya atatetemeka, pengine ataushusha njiani, na vijana watamwona. Kwa hivyo huchagua mzigo usioweza kumwaibisha, akauita mazoezi.

Sisi wanaisimu tunaifahamu hali inayofanana na hii. Mnamo 1972 Larry Selinker aliandika kuhusu lugha ya mpito, yaani lugha anayojiundia mtu anapojifunza lugha nyingine, akaeleza jinsi baadhi ya sehemu zake huganda zisibadilike tena. Mwanafunzi husema "viti zimevunjika" badala ya "viti vimevunjika". Anaeleweka, hakuna anayemsahihisha, na viti vinaletwa. Lugha yake imekwisha kumtosha kwa mahitaji yake, na kosa linatua. Mwaka baada ya mwaka hukizungumza Kiswahili kila siku, wala kuzungumza huko hakumwondolei kosa lile. Kurudia jambo si sawa na kujifunza.

Wala nisiwanyoshee wanafunzi kidole peke yao. Nilipofungua faili ya mihadhara yangu wiki ile, niliona kuwa mifano ninayoitoa darasani ni ile ile niliyoanza nayo kazi. Wanafunzi hucheka pale pale walipocheka wenzao waliotangulia, nami huridhika. Wahenga hawakukosea waliponena kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

Hapa Nyeri tuna mfano bora wa kuigwa. Catherine Ndereba, mzaliwa wa eneo hili, alishinda mbio za marathon za Chicago mwaka wa 2000 kwa saa 2, dakika 21 na sekunde 33. Muda huo ungetosha kumpa jina. Mwaka uliofuata alirudi kwenye mbio zizo hizo akakimbia kwa saa 2, dakika 18 na sekunde 47, ikawa rekodi ya dunia ya wanawake wakati huo. Ushindi wa kwanza haukumfanya auone kuwa kikomo chake.

Sisemi kwamba kila mtu sharti aongeze uzani hadi kaburini. Shirika la Afya Duniani hupendekeza watu wazima waimarishe misuli angalau siku mbili kwa wiki, na mzee anayenyanyua kidogo ili asipungukiwe na nguvu anafanya jambo la busara. Tofauti ni kwamba yeye ameamua kubaki pale. Mimi sikuamua, nilizoea tu.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda na vifuko viwili vya mchanga, kila kimoja kilo moja, nilivyopimiwa dukani kwenye mizani ya viazi. Nikavifunga kwenye ncha za bomba. Kilo mbili ni kitu kidogo, lakini nilipofika mara ya nane, katika mzunguko wa tatu, mikono ilikataa. Yule kijana alikuja mbio kunipokea mzigo. Hakuna aliyecheka. Niliandika "nane" katika daftari, na baada ya majuma matatu nikaandika "kumi".

Mwalimu mwenzangu, nawe mwanafunzi, kila mmoja wetu ana mkebe wake aliouzoea: insha inayotumia methali zile zile, hesabu tunazozirudia kwa kuwa tunaziweza, somo lisilobadilika. Tufunge kifuko kimoja cha mchanga muhula huu. Mimi nimeanza kuandika upya mhadhara wangu wa kwanza, na najua nitababaika nitakapoutoa. Asiyekubali kushindwa si mshindani.