Morogoro, Mji Unaoupanda Mlima

Katika msitu ulio juu ya mji wa Morogoro wanaishi vyura wasiotaga mayai. Jike hubeba watoto tumboni, na siku zikitimia huzaa vyura kamili wenye miguu minne, wadogo sana, ambao hawakupitia maisha ya kiluwiluwi. Hawana shida ya dimbwi. Ukungu na unyevu wa majani yaliyooza vinawatosha. Nusu siku ya kuteremka kwa miguu kutoka hapo, malori ya mizigo ya Zambia na Kongo yanapiga honi Msamvu, mjini, na wapiga debe wanagombania abiria wa Dodoma na Iringa. Miji inayokaa karibu namna hiyo na msitu wa zamani haipatikani kila mahali.

Milima ya Uluguru ni sehemu ya Tao la Mashariki, mnyororo wa milima ya kale unaoanzia Taita nchini Kenya na kuishia Udzungwa. Morogoro umejibanza chini yake upande wa kaskazini magharibi, mita 500 hivi juu ya usawa wa bahari. Ukisimama Boma Road na kuinua macho, kilele cha Lupanga, zaidi ya mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, kimekusimamia, na pembeni yake Bondwa imebeba minara ya mawasiliano. Kimhandu, kilele kinachovizidi vyote, kinapita mita 2,600 lakini kiko mbali kusini. Wenyeji wameupa mji wao jina la utani, "mji kasoro bahari", na ni wachache wanaobisha.

Bahari yenyewe, hata hivyo, inafika kwa njia yake. Upepo wa Bahari ya Hindi hugonga miteremko ya mashariki ya Uluguru, ukapanda, ukapoa na kumwaga mvua. Ndiyo maana upande wa Kinole na Matombo ni wa migomba, minazi na viungo, wakati mji, uliojificha nyuma ya mlima, hupata mvua ya kiasi. Kinachouokoa mji ni vijito. Mto Morogoro, Kikundi na Bigwa hushuka kutoka msituni, hupita katikati ya makazi na kuungana na Ngerengere, ambao nao huingia Ruvu. Na Ruvu ndio unaoinywesha Dar es Salaam. Mkazi wa Sinza au Kimara anayefungua bomba asubuhi anakunywa maji ya Uluguru, ajue asijue.

Kazi ya msitu katika jambo hili si ngumu kuelewa. Tone la mvua likidondoka juu ya miti mirefu hupungua kasi mara tatu au nne kabla ya kugusa ardhi: kwenye matawi, kwenye kuvumwani, kwenye vichaka, kisha kwenye zulia la majani makavu. Hapo huzama taratibu na kutoka baadaye chemchemini, hata miezi ya kiangazi. Tone hilohilo likidondoka kwenye shamba la mahindi lililochomwa juzi, mahali penye mwinuko wa kutisha, hushuka moja kwa moja na kubeba udongo. Mto hujaa kwa saa chache, ukawa wa rangi ya chai ya maziwa, halafu ukapungua.

Wajerumani waliliona hilo mapema. Reli yao kutoka Dar es Salaam ilifika Morogoro mwaka 1907, na miaka miwili baadaye sehemu ya misitu ya juu ikawekewa mipaka. Waingereza waliendeleza ulinzi huo, ila tatizo lilikuwa chini ya mpaka. Waluguru walikuwa wengi, mashamba yalikuwa madogo, na udongo ulikuwa ukikimbia. Mwaka 1950 serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa kuokoa ardhi ya Uluguru, na kiini chake kikawa kuchimba matuta ya ngazi. Kila mtu alitakiwa kuchimba, atake asitake.

Watu walichimba huku wakinung'unika. Kazi ilikuwa nzito, na mara nyingi jembe lilifukua udongo wa chini usio na rutuba na kuuweka juu, kwa hiyo mavuno ya tuta jipya yalikuwa haba kuliko ya shamba la zamani. Tena ardhi ya Waluguru ni mali ya ukoo, na ukoo hufuata upande wa mama. Bwana shamba aliyekuja na kamba ya kupimia hakuwa na habari nyingi kuhusu nani ana haki ya kulima wapi, na machifu waliotumwa kuwasukuma watu walionekana wasaliti. Julai 1955 hasira zilipasuka Matombo. Umati ulikabiliana na polisi, mtu mmoja akapigwa risasi akafa, na mpango ukazimika. Kwa miaka mingi baada ya hapo neno "matuta" lilikuwa na harufu ya shuruti katika milima hii.

Gharama ya mvutano huo inaonekana kwenye ramani. Katikati ya miaka ya 1950 msitu wa Uluguru ulikuwa na ukubwa wa kilomita za mraba 300 hivi. Mwanzoni mwa karne hii zilikuwa zimebaki kama 230. Kilichokatwa zaidi ni msitu wa chini, ule ulio jirani na watu. Pale Bunduki, ukanda mwembamba uliounganisha msitu wa kaskazini na wa kusini ulifyekwa, na milima ikabaki na vipande viwili. Kwa mnyama asiyejua kuishi mahali pengine, hiyo si habari ndogo. Kuna ndege mmoja, jamii ya mbwigu, mwenye kichwa cheusi, mgongo wa kijani na tumbo la njano, ambaye hajapatikana popote duniani isipokuwa Uluguru. Mtaalamu Arthur Loveridge alimkusanya mwaka 1926, na hata leo watazamaji wa ndege hupanda mlima siku nzima, wakausikia mlio wake, wakashuka bila kumwona.

Mwaka 2008 misitu ya kaskazini, ya kusini na ya Bunduki iliunganishwa kisheria kuwa Hifadhi ya Mazingira Asilia Uluguru, yenye zaidi ya hekta 24,000, ambayo sasa iko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu. Ndani yake hairuhusiwi kukata mti, kulima wala kuwinda. Mgeni anaruhusiwa, akilipa kiingilio na kuchukua mwongozaji, na wengi huishia Morningside, nyumba ya mawe ya Wajerumani iliyo juu ya mashamba ya mboga, ambako mji mzima unaonekana umetandazwa chini.

Njia hiyo ya Morningside inafundisha mengi kuliko ofisi yoyote. Alfajiri akina mama wa vijiji vya juu, Choma na Ruvuma, wanateremka kwa mstari, matenga ya ndizi na mboga kichwani, wengine na mtoto mgongoni. Njia ni ya mawe, na mvua ikinyesha ni utelezi mtupu, lakini mama hashiki kitu. Anakanyaga kwa vidole, anaongea na mwenzake wa nyuma bila kugeuka. Chini, bodaboda wanasubiri. Sehemu ya mzigo huishia Soko Kuu la Chifu Kingalu, lililopewa jina la cheo cha kurithi cha watawala wa Kinole, ambao Waluguru waliwajua kama wenye mvua. Anayenunua fungu la mchicha hapo na kupunguziwa bei ni yuleyule atakayelalamika jioni kwamba "watu wa milimani" wanamaliza vyanzo vya maji.

Malalamiko hayo yana ukweli wake, ila ni nusu ya hadithi. Mji nao unapanda. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu zaidi ya watu 315,000 katika Manispaa ya Morogoro. Ya mwaka 2022 ilihesabu zaidi ya 470,000. Tangu katikati ya mwaka 2024 treni ya mwendokasi inafika Dar es Salaam kwa muda usiozidi saa mbili, na kiwanja chenye mandhari ya mlima kimekuwa kitu cha kutamaniwa. Bigwa, Kilakala na Kola Hill zina nyumba mpya zinazojengwa kwenye mteremko, na kila ukuta wa mawe umeanza na mti ulioondolewa. Mkulima mwenye robo eka huitwa mharibifu. Mwenye ghorofa na barabara yake ya zege huitwa mwekezaji. Maji ya mvua hayajui tofauti yao.

Kilichobadilika, na ndicho kinachovutia zaidi, ni kwamba matuta yamerudi. Mwishoni mwa muongo wa kwanza wa karne hii mashirika ya CARE na WWF yalijaribu utaratibu mpya huko Kibungo, milimani: watumiaji wakubwa wa maji ya Ruvu, wakiwemo shirika la maji la Dar es Salaam na kampuni ya vinywaji ya Coca-Cola Kwanza, wachangie malipo kwa wakulima wanaochimba matuta, kupanda miti na kuacha kuchoma mashamba. Hesabu yake ilikuwa nyepesi. Maji yenye tope ni ghali kuyasafisha, basi ni nafuu kumlipa anayelizuia tope huko juu. Malipo hayakuwa makubwa, na wakulima wengine walisema wazi kwamba hayalingani na jasho. Hata hivyo walifanya kazi ileile ambayo babu zao waliikataa, kwa sababu safari hii mboga na viungo vya kwenye tuta ni vyao, na hakuna askari nyuma yao.

Vijiji vya mashariki vina njia nyingine tena ya kulinda udongo: iliki, mdalasini, karafuu na pilipili manga, mazao yanayokaa ardhini miaka mingi na mengine hupenda kivuli. Mwenye mdalasini hana haja ya kuchoma shamba kila mwaka. Shida ni soko, kwa kuwa mlanguzi anayefika na pikipiki ndiye hupanga bei, na mkulima mwenye ada ya shule ya kulipa huuza karafuu kabla hazijakomaa.

Suala la tope limepata uzito mpya. Bwawa la Mindu, lililojengwa kwenye mto Ngerengere ili kuunywesha mji wa Morogoro, limepoteza sehemu ya kina chake kwa udongo unaoletwa na vijito vya mlimani. Sasa serikali inajenga Bwawa la Kidunda kwenye mto Ruvu, kazi iliyoanza mwaka 2023, ili Dar es Salaam iwe na akiba miezi ya ukame. Maji yatakayolijaza yatapita kwanza kwenye mashamba ya Kibungo, Kinole na Matombo.