Udongo Ufungao Sumu

Katika milima ya jimbo la Ticino, kusini mwa Uswisi, kuna kinamasi kiitwacho Gola di Lago, ambako maji yatokayo miambani, yakiwa yamechukua aseniki, sumu ambayo ndani ya maji haina rangi wala ladha, hupenya ndani ya mboji, yaani mabaki ya mimea yaliyooza nusu kwa kukosa hewa, na humo sumu nyingi ikabakia. Ilidhaniwa zaidi kwamba madini ya chuma ndiyo yaizuiayo. Lakini utafiti uliotangazwa mwaka 2012 ulidhihirisha kuwa mshikaji hasa ni salfa iliyomo katika mboji yenyewe, kwani atomu ya aseniki hushikwa na atomu tatu za salfa, mithili ya mfungwa baina ya askari watatu.

Wala tusiharakishe kuusifu kila udongo wenye mboji, maana huko Bangladesh mabaki kama hayo huwalisha vijidudu viyeyushavyo kutu ya chuma iliyoshika aseniki, nayo ikaingia visimani. Hata kinamasi chenyewe, kikikaushwa kwa ajili ya kilimo, hewa huingia, salfa ikabadilika tabia, na kifungo kile huweza kulegea.