Ratili Sita za Mnyororo

Mwaka 1990 kijana mmoja wa Texas alipanda mizani mbele ya watu wa klabu ya Minnesota Vikings akiwa amevaa nguo za mazoezi zilizompwaya. Chini ya nguo hizo alikuwa amejizungushia mnyororo wa chuma. Walikuwa wamemwambia kwamba akirudi na ratili 250, yaani kilo 113, watamsajili. Mwili wake ulikuwa na ratili 244. Mnyororo ukajaza zile sita zilizopungua, jina likaandikwa, na John Randle akawa mchezaji wa kulipwa wa futiboli ya Marekani.

Kisa hiki nilikisikia kwanza kwa mzee mmoja wa hapa Minnesota. Kama Wakenya wengi tulioishia katika vitongoji vya Minneapolis, nilianza maisha ya huku kwa zamu za usiku katika nyumba ya kutunzia wazee, na katika nyumba hizo Jumapili haina mjadala: televisheni ni ya Vikings. Mimi ni mtu wa soka na raga. Mchezo wao niliuona kama watu wanaogongana kwa sekunde tano kisha wanasimama nusu dakika kushauriana. Yule mzee, dereva wa lori aliyestaafu, mtu wa maneno machache, ndiye aliyenifungua macho. Aliniambia niache kuufuata mpira, niwatazame wale wanene wa katikati. Nilipomuuliza ni yupi aliyekuwa bora kati yao wote, hakufikiri hata kidogo. Akataja jezi namba 93.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuutazama mchezo huu, mambo yako hivi. Timu yenye mpira hupewa majaribio manne ya kusogea yadi 10, kama mita tisa. Ikifaulu, hupewa mengine manne, na hivyo hivyo mpaka ifunge au ishindwe. Kila jaribio huanza mpira ukiwa chini. Mtu wa katikati huupitisha nyuma, kati ya miguu yake, kwenda kwa kwotabeki, ambaye ndiye bongo la timu na mrushaji wa mpira. Mbele ya kwotabeki hupangwa wanaume watano, wengi wao wakizidi kilo 130, na kazi yao ni kuwa ukuta. Upande wa pili, puani mwao kabisa, wanasimama walinzi wa mstari wa mbele, kwa kawaida wanne. Wawili wa pembeni wana nafasi ya kuuzunguka ukuta. Wawili wa ndani, wanaoitwa teko, hawana pa kuzungukia. Ni lazima wapenye katikati ya mtu na mtu, na mara nyingi wanakabwa na wawili kwa mpigo.

Mlinzi akimwangusha kwotabeki kabla hajaurusha mpira, hiyo ni saki. NFL, ligi ya kulipwa ya mchezo huu, ilianza kuzihesabu rasmi mwaka 1982, na wakimwangusha wawili kwa pamoja kila mmoja huandikiwa nusu, ndiyo maana hesabu zao zimejaa nusu nusu. Teko akipata saki tano au sita kwa msimu, klabu inashukuru. Kazi yake hasa ni kuziba njia na kuwachosha wale wanaomkaba ili wenzake wa pembeni wapate sifa.

Hapo ndipo unapoelewa hofu ya mizani. Randle alikuwa na kimo cha sentimita 185, mfupi kwa wenzake wa kazi hiyo, na uzito ambao huku unahesabiwa kuwa wa mtu mwembamba. Wasaka vipaji hawakuwa wajinga. Walikuwa wameona vijana wengi wepesi wakisukumwa mita tatu nyuma kila mpira unapoanza, na hawakutaka kulipia mwingine.

Mfumo wenyewe ni huu: kila mwaka, majira ya kuchipua, klabu hupokezana zamu za kuteua vijana wanaotoka vyuoni, iliyofanya vibaya zaidi ikitangulia. Siku hizi ni raundi saba. Mwaka 1990 zilikuwa 12, na klabu zilikuwa 28. Piga hesabu uone ni vijana wangapi walitajwa kabla ya shughuli kufungwa bila mtu kulitamka jina la Randle. Teko aliyetamaniwa mwaka ule alikuwa Cortez Kennedy wa Chuo Kikuu cha Miami, aliyechukuliwa na Seattle Seahawks akiwa wa tatu kwa jumla. Wa 17 alikuwa mkimbiaji Emmitt Smith, aliyekwenda Dallas. Yashike majina hayo mawili.

Asiyeteuliwa husubiri simu. Ikilia, anaahidiwa fedha kidogo na nafasi ya kwenda kambini, basi. Leo kambi hubeba hadi wachezaji 90, na msimu ukikaribia wanabaki 53. Wanasema kambini wote ni sawa, lakini sikubali. Kijana wa raundi ya kwanza akiboronga huvumiliwa, kwa sababu klabu imeshamlipa mamilioni na bosi aliyemchagua hataki kuonekana alichagua vibaya. Asiyeteuliwa akiboronga mara mbili, anafunga begi lake. Hana wa kumtetea. Sisi Wakenya tunamkumbuka Daniel Adongo, mtu wa raga aliyesajiliwa na Indianapolis Colts mwaka 2013 bila kuwahi kuucheza mchezo huu. Naye aliingia bila kuteuliwa, akapata mechi chache, safari ikaishia hapo. Wengi wa njia hiyo hawapati hata hizo chache.

Randle alikuwa ameuzoea mlango wa nyuma. Alizaliwa Desemba 1967 akakulia Mumford, kijiji kidogo karibu na mji wa Hearne, Texas. Mama yake, Martha, aliwalea wanawe watatu peke yake kwa kazi ya kusafisha nyumba za watu, kwa ujira wa dola 23 hivi kwa wiki. Nyumba yao ilikuwa ya chumba kimoja, watoto wakilala kitanda kimoja, choo nje. Kaka yake Ervin ndiye aliyetangulia: alisoma Baylor, chuo chenye jina, na mwaka 1985 aliteuliwa na Tampa Bay Buccaneers katika raundi ya tatu. John hakuwa na bahati hiyo. Alianzia chuo cha miaka miwili, Trinity Valley, akahamia Texas A&I huko Kingsville, kusini kabisa mwa jimbo, mahali ambapo kamera za televisheni hazikuwa na haraka ya kufika. Tampa Bay, klabu ya kaka yake, ilimjaribu ikamwona mdogo mno. Minnesota walitaka kilo 113. Akaenda kutafuta mnyororo.

Msimu wa kwanza alipata saki moja tu. Msimu wa pili, tisa na nusu. Mwaka 1992 kocha mkuu mpya, Dennis Green, aliingia Minnesota, na kufundisha walinzi wa mstari wa mbele akapewa John Teerlinck, mwalimu aliyekuwa na imani moja: kwotabeki aletewe vurugu kila jaribio, bila kupumzika. Kwa kijana mwepesi mwenye njaa, hilo lilikuwa somo lililotimia wakati wake. Kuanzia msimu ule hadi wa 1999, misimu minane mfululizo, Randle hakushuka chini ya saki 10. Mwaka 1997 alipata 15 na nusu, akawa wa kwanza katika ligi nzima, mbele ya walinzi wote wa pembeni ambao kazi hiyo hasa ni yao.

Alifanyaje? Mwili wake uliongezeka ukakaribia kilo 130, nao haukuwa na mnyororo tena, lakini silaha yake ilibaki hatua ya kwanza. Mpira ukitikisika tu, yeye ameshaondoka. Na uwanja wa nyumbani ulimsaidia kuliko watu wanavyokiri. Metrodome ya Minneapolis ilikuwa na paa la kitambaa lililoshikiliwa juu kwa hewa, na kelele za watu elfu sitini zilikosa pa kutokea. Timu ngeni haikuweza kumsikia kwotabeki wake akihesabu, kwa hiyo wale watano wa ukuta walilazimika kuutazama mpira kwa pembe ya jicho kama Randle anavyoutazama. Wote wakitegemea macho, mwenye miguu myepesi ndiye anayefika. Mtu wa kilo 140 aliyechelewa kwa kupepesa jicho hakumpata tena.

Halafu kulikuwa na mdomo. Randle alikuwa akisoma vitabu vya taarifa ambavyo kila klabu huwachapishia waandishi wa habari, si kwa ajili ya mbinu, bali kutafuta ya nyumbani: mkabaji wake ametoka mji gani, mkewe anaitwa nani, amesomea nini. Siku ya mechi, vijembe vinaanza kabla mpira haujaguswa. Fikiria umeinama tayari kwa kazi, na jitu lililopaka masizi usoni, kuanzia chini ya macho mpaka mashavuni, linakuuliza habari za mkeo kwa jina. Masizi hayo kwa kawaida wachezaji hupaka kidogo ili kupunguza mwanga wa jua machoni. Ndani ya Metrodome hapakuwa na jua. Mimi nililelewa kuamini kwamba mchezaji bora ni mnyamavu, lakini nikizitazama picha zake nacheka peke yangu. Na nadhani kelele ile ilikuwa kazi kamili: mkabaji aliyekasirika huuma meno na kusahau miguu yake.

Aliyeteswa naye zaidi alikuwa Brett Favre, kwotabeki wa Green Bay Packers, majirani wa Wisconsin wasiopendwa Minnesota. Randle alimwangusha Favre mara nyingi kuliko kwotabeki mwingine yeyote. Nike ikautumia uhasama huo kwa tangazo la biashara: Randle anashona kijijezi namba 4, ya Favre, anamvisha kuku, anamfukuza kuku huyo uani, na mwisho tunamwona akigeuza nyama ya kuku juu ya makaa. Watetezi wa wanyama walilalamika. Yule mzee wangu, mtu wa maneno machache, alilisimulia tangazo hilo mpaka machozi yakamtoka.

Mwaka 1998 Philadelphia Eagles walitaka kumchukua, Minnesota wakalazimika kulingana na bei yao: miaka mitano, dola milioni 32.5, fedha ambazo hakuna mlinzi aliyekuwa amelipwa kabla yake. Msimu ule Vikings walishinda mechi 15 kati ya 16. Mji mzima uliamini kombe limefika. Mechi moja kabla ya Super Bowl, fainali ya ligi, wakiwa nyumbani, mpigaji wao Gary Anderson, ambaye hakuwa amekosa hata mpigo mmoja wa kulenga goli msimu mzima, akakosa, na Atlanta Falcons wakashinda 30 kwa 27 katika muda wa ziada. Wazee wa Minnesota bado huizungumzia mechi hiyo kama msiba wa familia. Miaka miwili baadaye walifika hatua ileile tena, New York Giants wakawachapa 41 bila. Randle hakuwahi kucheza Super Bowl, na pengo hilo hakuna takwimu inayolijaza.

Baada ya hapo Vikings walimwacha. Seattle walikuwa wanatafuta teko, kwa kuwa Cortez Kennedy alikuwa amemaliza safari yake msimu wa 2000. Randle, akiwa na miaka 33, akaenda kukaa mahali pa mtu aliyeteuliwa wa tatu mwaka ule ambao yeye hakutajwa, na msimu wake wa kwanza huko akapata saki 11. Aliitwa kwenye timu ya nyota, Pro Bowl, kwa mara ya saba. Alicheza misimu mitatu Seattle, kisha akaacha.

Kennedy alikuwa mchezaji mkubwa kweli, na aliingizwa katika Jumba la Mashujaa la mchezo huo, Canton, Ohio, mwaka 2012. Alimaliza na saki 58. Randle alikuwa ameingia humo miaka miwili kabla yake, Agosti 2010, kundi moja na Emmitt Smith, yule wa 17. Saki za Randle ni 137 na nusu.

Husikii nikisema kwamba mizani ilidanganya. Ilipima kilo, na kilo hakuwa nazo. Hata hatua ya kwanza ingekuwa bure kama asingepata mahali pa kuionyesha, na mahali hapo alipaingia kwa ujanja ambao leo ungemfukuzisha kambini. Ninachosema ni kwamba kazi ya teko ilikuwa ikipimwa kwa uwezo wa kuziba njia, na Randle aliithibitisha kuwa kazi ya kushambulia.

Ukipata nafasi ya kutazama mechi hizi, mwache kwotabeki na umtazame mmoja wa wale wawili wa ndani kwa sekunde ya kwanza tu ya kila jaribio. Wa karibuni aliyestahili kutazamwa hivyo ni Aaron Donald wa Rams, mwenye kimo kilekile cha Randle. Yeye aliteuliwa wa 13 katika raundi ya kwanza ya mwaka 2014. Alistaafu mwaka 2024 akiwa na saki 111, na tangu zianze kuhesabiwa rasmi hakuna teko aliyemfikia Randle.