Mume kajeruhiwa vitani, mke kapoteza kazi

RUMONGE

UKIFIKA mwaloni Rumonge alfajiri, wakati mitumbwi inarudi na ndagala, utamkuta mama mmoja akianika samaki. Ndugu msomaji, huyo alikuwa mwalimu mwenzangu. Tulifundisha pamoja miaka minne, yeye hesabu, mimi Kiswahili nilichojifunza ukimbizini Ulyankulu, Tabora.

Mumewe alikuwa askari Somalia, katika kikosi cha AMISOM ambako Burundi ilianza kupeleka majeshi Desemba 2007. Siku moja simu ikaja: mume amejeruhiwa, amelazwa Bujumbura. Kutoka hapa ni zaidi ya kilomita 70. Aliomba ruhusa, akapewa siku mbili. Alikaa kumi na moja, maana mgonjwa hakuweza kushika kijiko, na hospitalini kwetu kupika na kufua ni kazi ya ndugu. Aliporudi katika shule hiyo ya binafsi, ambayo sitaitaja, alikuta mwingine ameshika chaki.

Ruhusa tulizozizoea makazini ni za harusi, uzazi na msiba. Yaani mume yule angekufa, mkewe angeruhusiwa bila maneno. Kosa lake ni kupona!

Marekani walilitazama jambo hili mwaka 2008, walipoipanua sheria yao ya likizo ya familia ya mwaka 1993. Anayemuuguza askari aliyejeruhiwa anaweza kupata hadi wiki 26 katika mwaka mmoja, na wiki 12 zipo kwa shughuli zinazotokana na ndugu kupelekwa vitani. Mshahara halipwi, lakini kazi inamsubiri. Mwajiri binafsi mwenye wafanyakazi chini ya 50 hahusiki, na hapo ndipo isingetufaa: nani hapa Rumonge, awe wa mawese au wa samaki, ana watu 50?

Wanaohitaji si wachache. Mei 3, 2022, kambi ya Warundi huko El Baraf ilipovamiwa, jeshi letu lilitangaza vifo 10 na majeruhi 25. Agosti mwaka huohuo askari wakapelekwa Kongo, ng'ambo ya ziwa hili hili.

Nilimuuliza mama yule kama angependa kurudi darasani.

"Mwalimu," akanijibu huku akigeuza ndagala, "baba watoto ana miadi ya daktari Alhamisi. Hapa simuombi mtu ruhusa."