DUKA LA KIKUNDI KATIKA SIMU: TULITANGAZE VIPI, NA NI LA NANI?



Tukitembelea vikundi siku hizi tunaulizwa swali moja kila mara: "Tunasikia watu wanauza kwa Facebook na WhatsApp. Je, sisi tutaweza?" Mtaweza. Lakini duka hili ni kama duka lingine lolote. Linataka bidhaa nzuri, ukweli, daftari, na mwenyewe anayejulikana.

Chukueni mfano wa Tabaka, kule Mugirango Kusini. Jiwe la sabuni huchimbwa kwa mkono na kuchongwa, kisha akina mama hulisugua kwa msasa na maji, na kulipaka nta. Kazi ni ya watu wengi, lakini kwa miaka mingi mchongaji amemtegemea broka anayepeleka vinyago Nairobi na Mombasa. Simu haimwondoi broka. Inawapa mlango wa pili, na mwenye milango miwili hasukumwi ovyo juu ya bei.

1. MTEJA HAWEZI KUSHIKA

Wahenga walisema kizuri chajiuza. Sokoni Daraja Mbili au Keroka ni kweli, maana mnunuzi anageuza kitu mkononi. Katika simu anaona picha tu. Kwa hivyo:

- Pigeni picha mchana, nje, kivulini, juu ya kitambaa cha rangi moja.
- Picha iwe ya kitu chenyewe kinachouzwa. Jiwe likiwa na ufa au doa, onyesheni.
- Andikeni kipimo kwa sentimita, uzito, na bei. Mteja asiyeona bei wengi wao hupita tu.
- Onyesheni kazi yenyewe: jiwe likichongwa, kikapu cha ekee kikisukwa. Video ya nusu dakika yatosha. Anayepigwa picha aombwe ruhusa kwanza.

2. WAPI PA KUTANGAZA

WhatsApp Business ilianza mwaka wa 2018 na kuiweka kwa simu ni bure. Ina mahali pa kupanga bidhaa na bei, kama rafu za duka. Stetasi hupotea baada ya saa 24, kwa hivyo pangeni siku za kuposti, tuseme Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Ukurasa wa Facebook hufikia watu msiowajua.

Anzeni na mnaowajua: watoto wenu walio Nairobi, wanaparokia waliohamia mijini. Waombeni wapitishe habari. Msikimbilie kulipia matangazo kabla hamjauza hata kidogo. Na anayeuliza ajibiwe siku hiyo hiyo. "Like" mia moja hazinunui unga; mteja mmoja aliyejibiwa vizuri hurudi, tena huleta mwenzake.

3. PESA NA MZIGO

Pigeni hesabu kabla ya kutaja bei. Tuseme bakuli linauzwa Sh. 800. Toeni jiwe Sh. 100, msasa na nta Sh. 60, boksi na karatasi Sh. 70, na bando Sh. 20. Zinabaki Sh. 550 za kazi ya mikono yote iliyoligusa. Je, zinatosha? Kama hazitoshi, bei si hiyo.

Wakora wanajua kutunga meseji inayofanana na ya M-Pesa. Msiamini meseji peke yake. Mweka hazina aangalie salio kwenye akaunti yenyewe kabla mzigo haujatoka.

Jiwe ni zito na huvunjika. Fungeni kila kitu peke yake kwa magazeti, mjaze boksi lisichezecheze. Kubalianeni mapema na mteja nani analipa parseli, na nani anabeba hasara kikivunjika.

4. DUKA NI LA NANI?

Hapa ndipo tunaomba msome polepole. Mara nyingi kikundi humpa kijana mmoja anayejua simu kazi yote. Laini ni yake, ukurasa ni wake, M-Pesa ni yake. Akipata kazi mjini, au mkikosana, anaondoka na wateja wote waliotafutwa kwa jasho la akina mama wa msasa. Wala si lazima awe mwizi. Laini ikiwa kwa jina lake, duka liko mfukoni mwake.

Basi fanyeni hivi:

- Nunueni laini ya kikundi. Ulizeni duka la Safaricom masharti ya kufungua Till kwa jina la kikundi, na mwende na cheti chenu cha usajili.
- Ukurasa wa Facebook uwe na wasimamizi wawili au watatu, si mmoja.
- WhatsApp iwekewe namba ya siri ya tarakimu 6. Ijulikane na mwenyekiti na katibu, na isitolewe kwa mtu yeyote anayepiga simu kuiuliza.
- Kijana apewe malipo yake yaliyokubaliwa mkutanoni na kuandikwa. Kazi yake ni kazi.
- Kila oda iandikwe: tarehe, mteja, kitu, pesa, na nani alikitengeneza. Isomwe kila mkutano. Mali bila daftari hupotea bila habari.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Nani ameshika laini tunayouzia leo, na imesajiliwa kwa jina la nani?
2. Katika kila Sh. 100 tunazouza, anayechimba, anayechonga na anayesugua wanapata ngapi?
3. Mtu wetu wa simu akiondoka kesho, tutawapataje wateja wetu?

Kama swali la tatu halina jibu, lipateni kwanza, ndipo mposti picha nyingine.