Fizi: Moteri ikizima ziwani, garanti ya kiwanda inafika hadi Mboko?

Jioni zisizo na mbalamwezi, mitumbwi ya Mboko, katika sekta ya Tanganyika, teritwari ya Fizi, inaacha ufuko na taa zake kwenda kutafuta ndagala na mikeke. Mitumbwi mingi inategemea moteri moja tu iliyofungwa nyuma. Moteri hiyo ikizima usiku, wavuvi wanabaki na makasia, simu isiyoshika mtandao, na upepo. Mbali na pwani hata nanga haisaidii: kina cha ziwa Tanganyika kinafika mita 1,470, na hakuna kamba ya mtumbwi inayogusa chini huko.

Ndiyo maana suala la kurekebisha moteri haliwahusu mafundi peke yao. Familia inaweza kuweka akiba ya miaka, au kuchanga na jamaa, ili inunue moteri ya nguvu ya farasi 15 au 40. Ndani ya kartoni mnakuja kitabu na karatasi ya garanti, yaani ahadi ya kiwanda. Je, karatasi hiyo ina faida gani kwa mtu anayeishi Mboko?

Garanti inaahidi nini

Kwa kawaida, kiwanda cha moteri kinaahidi kwamba kwa muda ulioandikwa, kasoro iliyotokana na utengenezaji itarekebishwa bila mteja kulipa. Ahadi hiyo ina mipaka. Vitu vinavyochakaa kwa kutumika, kama bujii, helisi na gurudumu dogo la mpira lililo ndani ya pampu ya maji, kwa kawaida haviingii. Moteri iliyoungua kwa sababu mafuta yalichanganywa vibaya haiingii, wala ile iliyoharibiwa na piesi zisizo za kiwanda.

Kuna sharti lingine ambalo wanunuzi wengi hawalitazami. Kiwanda chenyewe hakirekebishi kitu. Anayerekebisha ni wakala anayetambuliwa na kiwanda, na mara nyingi ni lazima moteri iwe imenunuliwa kwake, iandikishwe, na ipelekwe kwake kuangaliwa baada ya saa za kwanza za kazi. Moteri iliyopita mikono ya wafanyabiashara watatu kabla ya kufika Mboko inaweza kuwa ya kiwanda kweli, lakini ikawa haina wakala wa kuijibia.

Wawindaji wa Marekani wanavyofanya

Ili kuona ahadi ya kiwanda inavyokuwa pale inapotekelezwa, tuangalie kazi nyingine inayotegemea kifaa kimoja: uwindaji. Wakaaji wengi wa Fizi wana jamaa Marekani, waliofika huko baada ya miaka katika kambi ya Nyarugusu, Kigoma, iliyofunguliwa mwaka 1996. Katika majimbo mengi ya huko, kuwinda paa na kulungu kwa kibali ni jambo la kawaida kila msimu wa vuli, na nyama inawekwa kwenye friji kwa ajili ya familia.

Wawindaji hao wanaweka darubini juu ya bunduki ili waone mbali. Darubini nayo inaharibika. Gesi iliyofungwa ndani ikivuja, mvuke unaingia na vioo vinafunikwa na ukungu. Wakati mwingine sehemu za ndani zinalegea, na risasi haiendi tena pale alama inapoonyesha. Matokeo yake ni mnyama aliyejeruhiwa anayekwenda kufia porini, au risasi inayopita mahali ambapo mwindaji hakukusudia.

Kiwanda cha Leupold, katika jimbo la Oregon, kinatengeneza darubini zake bila malipo katika maisha yote ya kifaa, na hakidai risiti wala jina la mnunuzi wa kwanza. Vortex, ya jimbo la Wisconsin, ina ahadi inayofanana nayo: kuharibika kwa ajali kunaingia, lakini kupotea, kuibwa au kuharibu kwa makusudi hakuingii. Mwindaji anaondoa darubini kwenye bunduki, anaeleza kasoro kwa maandishi, anaitia katika boksi na kuipeleka posta. Inarudi imetengenezwa, au anapewa nyingine.

Ahadi hiyo inafanya kazi kwa sababu ya vitu vitatu vya kawaida: posta inayofika, anwani ya nyumba, na kiwanda kilicho ndani ya nchi hiyo hiyo. Kimoja kikikosekana, ahadi inalegea.

Kwa nini haivuki ziwa

Darubini ya namna hiyo haiwezi kutembea hivyo kati ya Fizi na Marekani. Marekani inasimamia kwa sheria usafirishaji wa darubini za bunduki kwenda nje. Kongo nayo ina sheria yake ya uwindaji ya tarehe 28 Mei 1982, inayodai kibali, na sheria ya mwaka 1985 juu ya silaha. Umoja wa Mataifa uliweka vikwazo vya silaha mwaka 2003, kwa azimio namba 1493, kwa ajili ya makundi yenye silaha katika Kivu na Ituri. Katika eneo ambalo raia wameteseka kwa bunduki kwa miaka mingi, hakuna anayeweza kulalamika kwamba mlango huo ni mwembamba.

Moteri ya kuvulia samaki haina vizuizi hivyo, lakini nayo haifiki kwa wakala kwa urahisi. Mboko ni senta ya wavuvi, wakulima na wachuuzi. Anayetafuta piesi anatazama Uvira, au anavuka kwenda Bujumbura au Kigoma. Barabara ya taifa namba 5 kati ya Uvira na Baraka inaharibika kwa mvua na mito, na usalama unabadilika. Kila juma moteri inapokaa bila kufanya kazi ni juma ambalo wavuvi, wabebaji, na akina mama wanaoanika na kuuza ndagala hawapati kitu.

Hapo ndipo fundi wa kijiji anachukua nafasi ya kiwanda. Anaijua moteri kwa sauti, anafungua kabureta juu ya kipande cha hema, na mara nyingi inawaka. Lakini fundi hawezi kutengeneza piesi asiyokuwa nayo, na sokoni piesi za kuiga zinauzwa katika karatasi zinazofanana na za kiwanda. Gurudumu la pampu la mpira mbaya likivunjika usiku, maji hayapandi tena kupoza moteri, na dakika chache zinatosha kuiharibu kabisa.

Kabla ya kulaumu kiwanda

Wawindaji wenye uzoefu wana desturi inayofaa kuigwa. Risasi ikikosa shabaha, hawakimbilii posta. Kwanza wanakaza skurubu zinazoshika darubini, kwa sababu mara nyingi kosa liko pale, kisha wanapiga tena kwenye karatasi. Darubini inatumwa kiwandani baada ya kuhakikisha kwamba ndiyo mgonjwa.

Kwa moteri pia, kuna mambo ya kuangalia kabla ya kufungua kitu chochote:

Kifuniko cha tanki. Tundu la hewa likifungwa, mafuta hayatoki vizuri; moteri inawaka, inakwenda kidogo, kisha inazima.

Kamba ya usalama. Kwenye moteri zilizo nayo, ikichomoka moteri haiwaki hata ukivuta mara mia.

Mafuta. Esansi inayouzwa kwa bidoni na chupa inaweza kuwa na maji. Mimina kidogo katika chupa nyeupe na uiache itulie: maji yanakaa chini.

Bujii. Ikiwa nyeusi na yenye mafuta mengi, huenda oili imezidi au cheche ni dhaifu.

Maji yanayotoka nyuma. Mkondo ule mdogo ukikoma, zima moteri mara moja. Huenda tundu limezibwa na mchanga au majani, au pampu imekufa.

Kuhusu oili, moteri nyingi za maju mawili kama Yamaha Enduro, zinazojulikana sana kwenye maziwa ya Afrika, zinatumia sehemu moja ya oili kwa sehemu 50 za esansi, yaani lita moja kwa lita 50, na oili zaidi katika saa za kwanza moteri ikiwa mpya. Kitabu cha moteri yako ndicho kinachoamua. Anayepunguza oili ili apate faida ya franga chache analipa baadaye kwa pistoni, na hakuna garanti inayofunika kosa hilo.

Wiki ya mbalamwezi

Wavuvi wa taa wana nafasi ambayo watu wa kazi nyingine hawana. Mwezi ukiwa mkubwa, ndagala hawakusanyiki kwenye taa, na mitumbwi mingi inapumzika. Siku hizo ndizo za kumwita fundi: kuangalia gurudumu la pampu, kusafisha chujio na kabureta, kubadilisha oili ya gia chini, na kukagua helisi. Ikiwa oili ya gia inatoka nyeupe kama maziwa, maji yameingia, na ni afadhali kulijua hilo ukiwa nchi kavu.

Ziwa likifungwa kwa ajili ya samaki kuzaana, muda unakuwa mrefu zaidi. Mwaka 2024, kufuatana na makubaliano ya nchi zinazopakana na ziwa, Tanzania ilisimamisha uvuvi tangu 15 Mei hadi 15 Agosti. Moteri inayolala miezi mitatu isilale na esansi ndani. Chomoa mpira wa mafuta, uiache iungue mpaka izime yenyewe ikiwa ndani ya maji, kisha uihifadhi ikiwa imesimama.

Maswali ya kuuliza dukani

Mwenye kununua moteri, iwe Uvira au ng'ambo, aulize kabla ya kutoa dola: Duka hili linatambuliwa na kiwanda? Ikiharibika, nani ataipokea, na katika mji gani? Gharama za usafiri ni za nani? Piesi za moteri hii ziko hapa leo, au zinaagizwa? Mwuzaji anayejibu kwamba haitaharibika hajajibu swali.

Apewe fakture yenye jina lake, tarehe, aina ya moteri na numero ya seri. Numero hiyo imeandikwa kwenye kibati cha moteri, karibu na mahali inapofungwa kwenye mtumbwi. Aipige picha na kumtumia jamaa mmoja aliye mbali. Itamfaa kwa garanti, na pia siku ya wizi, kwa maana moteri kuporwa na watu wenye silaha ni shida inayojulikana kwenye ziwa hili. Bila numero, hata moteri ikipatikana, ni vigumu kuthibitisha kwamba ni yako.

Jambo la mwisho linahusu vyama vya wavuvi. Mnunuzi mmoja wa Mboko hana nguvu ya kumlazimisha wakala aweke piesi karibu. Wamiliki 20 wenye moteri za aina moja wanaweza kuchangia boksi moja la akiba likae kwa fundi wanayemwamini: bujii, magurudumu ya pampu, pini za helisi, vichujio, kamba za kuwashia. Wanaweza pia kumwambia mwuzaji kwamba watanunua kwake wote, akikubali kuandika ni nani atakayepokea moteri iliyoharibika na kwa siku ngapi. Wakati huo huo, kila mtumbwi unaoondoka jioni ubebe makasia ya kutosha, bujii moja kavu na ufunguo wake, jaketi za kuokolea watu, na taa ya kuitia msaada.